Utepe wa Buluu Pembeni mwa Picha

Msichana wa dawati la pili alikuwa ameshaanza kuuchora kwenye daftari lake, na mimi hata sentensi sijaimaliza.

Ilikuwa katikati ya Februari, kidato cha pili, kipindi cha fizikia, joto la saa nane mchana. Picha yangu ilikuwa imebandikwa ubaoni: nyuzi nyekundu zilizosokotana kama wavu uliotolewa ziwani ukatupwa mchangani bila kukunjwa, na pembeni kabisa, upande wa magharibi, utepe mwembamba wa buluu uliopinda kama ukucha. Niliweka ncha ya kalamu juu ya utepe ule nikawaambia, "Hapa ndipo wimbi la mlipuko bado lina kasi. Nyota yenyewe ilikufa kitambo, lakini huku ukingoni bado inasukuma."

Yule msichana akabadilisha kalamu, akachukua ya buluu, akaukoleza.

Utepe ule haupo.

Kwenye picha ulikuwapo, kila mtu aliuona. Angani ndiko haupo. Nimelijua hilo kwa hakika juzi tu, baada ya wiki kadhaa za kusumbuka nalo. Kosa lenyewe halikutokana na uzembe. Nilikuwa makini kila hatua, na hicho ndicho kinachoniuma hadi nikaona niandike.

## Giza lenye kitu ndani

Wanaofuata blogu hii wanajua nimeisaka Simeis 147 misimu miwili sasa. Kwa wageni, kwa ufupi: ni masalia ya nyota iliyolipuka. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 40,000 hivi, na umbali wake karibu miaka ya nuru 3,000. Wanaastronomia wa Simeiz, kule Crimea, ndio walioitambua mwaka 1952. Kitazame Kilimia, kisha sogeza macho upande wa mashariki hadi nyota kali ya Elnath, kwenye ncha ya pembe ya Thauri, kundi la nyota lenye umbo la fahali. Endelea kidogo tu mbele yake.

Utaona giza.

Giza hilo limebeba kitu chenye upana wa digrii tatu, sawa na miezi sita mipevu iliyopangwa mstari mmoja. Ndani yake kuna mabaki ya moyo wa nyota ile, pulsa inayojizungusha takriban mara saba kila sekunde. Jicho haliambulii chochote. Kamera ya kawaida nayo haiambulii kitu cha maana, kwa sababu mwanga wa masalia haya ni hafifu kuliko weupe wa anga lenyewe.

Ndiyo kazi ya vichujio vyembamba. Kimoja hupitisha mwanga mwekundu wa hidrojeni, kwenye nanomita 656.3, na karibu hakuna kingine. Cha pili hupitisha mwanga wa kijani-buluu wa oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili, kwenye nanomita 500.7. Hidrojeni hung'aa pale gesi ilipokwisha kupigwa na wimbi na sasa inapoa. Oksijeni ya namna hii hudai wimbi lenye nguvu zaidi, kwa hiyo mara nyingi huonekana mbele kidogo, ukingoni, nje ya nyuzi nyekundu.

Hilo la ukingoni ndilo lililoniponza.

## Kalenda ya omena

Hidrojeni ningeweza kuipiga hata nikiwa Kisumu mjini. Oksijeni ni habari nyingine. Mbalamwezi na taa nyeupe za barabarani huingia hadi ndani ya kichujio chake. Kwa hiyo siku za giza zikifika napakia vyuma vyangu na kwenda kwa mjomba, nje kidogo ya Usenge, kando ya Ziwa Victoria.

Mjomba amevua omena, dagaa wa ziwani, tangu enzi za karabai. Siku hizi ni taa za sola, lakini mambo ni yale yale: omena hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Giza likirudi, wanatoka wote. Ukisimama uani kwa mjomba saa tatu usiku ukatazama magharibi, utadhani kuna mji uliohamia majini.

Wao wanawasha taa kwa sababu ni giza. Mimi nimekuja kwa sababu ni giza.

Ikweta inapita karibu sana na pale, na kwa mpiga picha wa nyota hilo ni taabu ya pekee. Maelekezo yote husema: elekeza mhimili wa mtambo, ule unaoizungusha kamera ifuate nyota, kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miembe ya jirani. Mhimili unatakiwa ulale chali kabisa, na mtambo wangu haukutengenezwa kulala hivyo: uzito wa kusawazishia hugonga mguu wa stendi. Fundi mmoja wa jua kali karibu na soko la Kibuye ndiye aliyeniokoa. Alinichomelea kabari ya chuma yenye matundu mawili marefu ya bolti, akaipiga msasa hadi haikwangui tena kidole.

Bila Nyota ya Kaskazini, unautafuta mhimili kwa subira. Unachagua nyota moja karibu na ikweta ya mbingu, unaitazama kwenye skrini dakika kumi, unaona inateleza juu au chini. Unashika spana namba 13, unalegeza bolti robo mzunguko, unasukuma mtambo unene wa ukucha, unakaza, unaanza tena. Usiku wa kwanza kazi hiyo ilinichukua saa tatu. Sasa naimaliza kwa dakika arobaini, na sijui kazi nyingine inayonituliza kama hiyo.

## Fremu 240

Lenzi ya milimita 135, kamera ya nyeusi na nyeupe iliyopozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, fremu za dakika tano tano. Desemba na Januari nilipata usiku saba wa maana. Hidrojeni fremu 108, yaani saa 9. Oksijeni fremu 132, saa 11.

Nyingine nyingi nilizitupa. Ziwa hupenda kupigisha radi usiku, mbali kabisa hata ngurumo husikii, na mmweko mmoja tu huifanya fremu nzima kuwa maziwa. Usiku mmoja wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi, wakaufunika mtambo wote. Nilifunga lenzi kwa kitambaa nikaingia ndani.

Fremu moja ya oksijeni ukiifungua ni chenga tupu. Dawa yake ni kurundika: programu inazilinganisha nyota za fremu zote, kisha inatafuta wastani. Chenga hazina kwao. Leo ziko pikseli hii, kesho ile, na zikikusanywa pamoja zinafutana. Mwanga wa kweli haubanduki mahali pake. Ila faida huja taratibu: fremu 100 hupunguza chenga mara 10 tu, na ukitaka mara 20 lazima uwe na fremu 400. Hakuna njia ya mkato.

Baada ya hapo unaziondoa nyota kwa programu, unabaki na wingu peke yake, ndipo unanyoosha. Kunyoosha ni kuinua vivuli vya chini kabisa hadi jicho liweze kuviona. Ni hatua inayotaka mkono mwepesi, maana kila kilicho hafifu huinuka pamoja, cha kweli na kisicho cha kweli.

Utepe ulijitokeza pale. Stima ilikuwa imepotea mtaani kwetu na kompyuta ilikuwa imebakiwa na betri ya nusu saa. Nilivuta kitelezi taratibu, na kwenye kona ile ya magharibi, nje ya nyuzi nyekundu, kitu cha buluu kikapinda kutoka gizani. Kwenye fremu za hidrojeni hakikuwapo hata kidogo. Kilikuwa pale hasa ambapo fizikia inasema oksijeni ingekuwa.

Nilisimama. Nilizunguka chumba gizani nikarudi kukitazama tena.

Nikiwaza sasa, naona nilikuwa na maelezo kabla sijawa na ushahidi. Na maelezo yale yalikuwa mazuri sana.

## Kitu kilichokataa kutulia

Usiku wa siku ile ya darasani niliikuza picha ili nione tena alichokuwa anachora yule msichana. Nikaona kitu nilichokuwa nakiona siku zote bila kukitilia maanani: utepe ule ulikuwa laini mno.

Nyuzi za Simeis hukatika. Zina mafundo, zina matawi, mahali zinafifia na mahali zinakolea. Gesi iliyosafiri maelfu ya miaka haitoki imenyooka kama mstari wa bikari. Huu wangu ulianza bila fundo ukaisha bila fundo.

Nilijiambia si kitu. Kesho yake nikaufikiria kwenye matatu. Keshokutwa nikaufikiria tena. Wiki ya pili ilipofika, nilikuwa siwezi kuitazama picha bila jicho kukimbilia kona ile.

Wa kwanza kuwashuku walikuwa wavuvi. Usiku wa manane ukipita, Thauri huanza kuinamia magharibi, juu ya ziwa, juu ya taa zile zote. Niliona ni jambo lililo wazi. Nikatupa kila fremu ya oksijeni iliyopigwa baada ya saa nane usiku, nikarundika upya zilizobaki.

Utepe ulikuwa palepale. Nilikuwa nimewasingizia watu walio kazini.

Nikajaribu njia ambayo wengi wetu huiamini. Nikazigawa fremu 132 mafungu mawili ya 66, zile za namba shufwa huku na za witiri kule. Nikalichakata kila fungu peke yake kana kwamba jingine halipo. Kama utepe ni chenga zilizojipanga kwa bahati, hauwezi kujipanga vilevile mara mbili.

Ulijitokeza kwenye mafungu yote mawili, upinde uleule, mahali palepale. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya darasani.

Haikudumu. Kulipokucha nilikuwa nawaza kwamba jaribio langu lilikuwa limejibu swali moja tu: je, hii ni bahati? Si bahati. Lakini kosa linalorudi kila usiku, lililosimama nami mahali pamoja na kutazama nami upande mmoja, nalo si bahati. Kurundika hakulifuti. Kurundika hulikoleza, kama kulivyokoleza kila kitu kingine. Fremu 400 zingenipa utepe safi zaidi, nami ningezidi kuuamini.

Nilikumbuka habari ya nebuliamu. Mwaka 1864, mwanaastronomia William Huggins aliona mstari wa kijani kwenye mwanga wa nebula moja, yaani wingu la gesi angani, mstari usiolingana na kitu chochote kilichojulikana maabara. Baadaye watu wakasema ni elementi mpya, wakaipa na jina hilo. Ilikuwa mwaka 1927 Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni tu, ile ile tunayoivuta, isipokuwa huko ni adimu kiasi kwamba atomi hupata muda wa kutoa mwanga ambao hapa duniani haipewi nafasi ya kuutoa. Ndio mwanga wa nanomita 500.7 unaopita kwenye kichujio changu. Watu makini waliuona tena na tena kwa miaka zaidi ya 60. Macho yao hayakuwadanganya. Kilichokosekana ni mtu wa kuliuliza swali kwa upande mwingine.

Sikujua upande wangu mwingine uko wapi.

## Piga kasia

Mwanzoni mwa Machi nilikwenda kwa mjomba bila vyuma, kumsalimia tu. Jioni tulikaa ufukweni akikagua wavu, akiupitisha vidoleni kutafuta matundu. Nilimweleza habari yote. Mjomba hana haja na oksijeni, lakini anajua kusikiliza mtu aliyesumbuka.

Aliponyamaza muda nikadhani mawazo yake yako kwenye wavu. Kisha akasema, "Usiku ukiwa mbali na nchi kavu, unaona taa chini kabisa, kwenye maji. Inaweza kuwa mtumbwi. Inaweza kuwa nyota inayotua. Ukikaa unaitazama tu, hutajua mpaka kuche."

"Sasa mnafanyaje, mjomba?"

"Unapiga kasia. Si kuifuata, unakwenda kando. Kama ni mtumbwi, utauona umehama mahali pake. Nyota haihami kwa sababu wewe umehama."

Akaendelea na wavu wake.

Usiku wote saba wa fremu zangu nilikuwa nimekaa mahali pamoja. Kweli, kati ya fremu na fremu mtambo huwa unasogea pikseli chache ili kasoro za sensa, kile kipokea mwanga cha kamera, zisirundikane, lakini hilo ni kama kutikisika kwa mtumbwi. Sikuwahi kupiga kasia.

## Digrii moja

Mwezi Machi Thauri iko juu sana, upande wa kaskazini, giza linapoingia, na kufikia saa nne na nusu usiku imeshuka kiasi cha kutofaa. Mvua nayo ilikuwa njiani. Nilipata usiku mara mbili.

Usiku wa kwanza niliielekeza kamera kama zamani, kisha nikaisogeza digrii moja mashariki. Fremu 30 za oksijeni. Usiku wa pili nikaisogeza digrii moja magharibi. Fremu 28, wingu likafunga.

Ile ya mashariki ilipomaliza kurundikwa, niliikuza hadi kona ile. Hakuna kitu. Giza safi, sawasawa.

Ile ya magharibi ilikuwa na kitu, lakini si pale. Kilikuwa kimehama, kimenenepa, kimekuwa karibu duara. Na ndani ya fremu, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, ilikuwamo Elnath yenyewe, kali kama taa ya pikipiki.

Niliangalia ramani ya nyota nikapima. Kwa mwelekeo niliotumia msimu mzima, Elnath ilikuwa nje ya fremu kwa nusu digrii tu, upana wa mwezi mmoja. Sikuwa nikiiona, kwa hiyo sikuifikiria. Lakini lenzi ilikuwa ikiiona. Mwanga wake uliingia kwa pembeni, ukadunda kati ya kioo cha lenzi na kichujio cha oksijeni, ukatua kwenye sensa kama upinde laini wa buluu. Kichujio cha hidrojeni kimepakwa tabaka tofauti na hakiudundishi hivyo, ndiyo maana kwenye nyekundu haukuonekana.

Vipande viwili vya oksijeni vilivyo katikati ya nyuzi za Simeis havikuhama hata pikseli moja kati ya nyota zao.

Nilikaa nje muda mrefu baada ya hapo. Taa za omena zilikuwa zikitikisika ziwani. Sikuhisi aibu kama nilivyotarajia. Nilihisi huzuni, kama mtu aliyeagana na kitu alichokuwa amekipenda, maana nilikuwa nimeupenda ule utepe kweli.

## Darasani tena

Picha mpya ina buluu kidogo sana. Kuna vipande vitatu vya oksijeni katikati ya nyuzi, vyembamba, vimekatikakatika, havivutii macho kama ule upinde. Mjomba nilimletea nakala yake, akaibandua ya zamani ukutani mwenyewe bila kuulizwa.

Shuleni nilirudi kabla muhula haujafungwa. Nilibandika picha zote mbili ubaoni, ya zamani kushoto na mpya kulia, nikawaeleza tangu mwanzo: taa za wavuvi, mafungu mawili, kasia, Elnath nje ya fremu. Nilichora lenzi na njia ya mwanga uliodunda. Nikawaambia, "Februari niliwaonyesha kitu ambacho hakipo, na niliwaambia kwa uhakika. Naomba mnisamehe, na kama mlikichora, mkifute."

Darasa lilikuwa kimya. Yule msichana wa dawati la pili alikuwa amefungua ukurasa ule. Niliuona upinde wa buluu kutoka mbele. Aliinua mkono.

"Mwalimu, na hivi vitatu vya katikati, navyo umevisogezea kamera?"

Nilimwambia ndiyo. Viwili vilibaki mahali pake usiku wote miwili. Cha tatu, cha juu karibu na ukingo wa kaskazini, ni hafifu mno. Fremu za Machi hazikutosha kukionyesha, kwa hiyo kitasubiri Desemba.

Alikata mstari juu ya ule upinde, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuchora upya. Viwili alivichora kwa kalamu ya buluu. Alipofika kwenye cha tatu aliiweka chini, akageuka kwa jirani yake akaazima penseli.